Namna za Kufa za Humphrey Bogart: Jaribio la Uainishaji

1. Tatizo la utafiti

Elimu ya filamu katika Afrika Mashariki imesimama juu ya kanuni moja, nayo imethibitishwa kwenye mabenchi ya vibanda vya video kizazi baada ya kizazi: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atafungiwa ndani ya nyumba inayowaka moto, lakini mtazamaji aliyelipa kiingilio chake hana sababu ya kushikwa na wasiwasi. Atakayekufa ni adui, na atakufa mwishoni. Ubishi ukizuka huwa ni wa kumtambua steringi ni yupi. Kanuni yenyewe haiguswi.

Udhaifu wa kanuni hii ni kwamba haijawahi kupimwa. Steringi tunaowajua walikuja wakiwa steringi tayari, na maadui walikuja wakiwa maadui, kwa hiyo hatuwezi kujua kinachomwokoa mtu ni nini: sura, tabia njema, au mbio. Kinachohitajika ni kiumbe mmoja aliyeishi pande zote mbili, aliyeuawa miaka kadhaa akiwa adui kisha akapandishwa cheo kuwa steringi, huku uso, sauti na kofia vikibaki vilevile.

Kiumbe huyo tunaye. Aliitwa Humphrey Bogart, Mmarekani, mzaliwa wa New York, tarehe 25 Desemba 1899. Aliigiza jukwaani Broadway kuanzia 1922 hadi 1935, na katika filamu zaidi ya 70 kuanzia 1930 hadi 1956. Makala haya yanapanga vifo vyake vya kazini katika makundi na kutoa dai moja: marehemu hakuuawa na hadithi. Aliuawa na mkataba, na mahali jina lake lilipokaa kwenye bango. Alianza kwa kufa kwa sababu alikuwa rahisi, akaendelea kwa kuishi kwa sababu alikuwa ghali, na akamalizia kwa kufa tena kwa sababu sasa alikuwa na uwezo.

2. Istilahi na mipaka

Kwa madhumuni ya utafiti huu, kifo ni hali ambayo mhusika wa Bogart anaianza filamu akiwa hai na kuimaliza akiwa si hai. Fasili hii itapata mtihani mkubwa katika sehemu ya nne, kutokana na kielelezo kimoja kilichoianza filamu kikiwa kimekwisha kufa.

Kifungo cha maisha hakihesabiwi. Hivyo Black Legion (1937), ambamo Bogart ni fundi wa kiwandani anayejiunga na genge la wabaguzi waliojifunika nyuso na kuishia gerezani, imeachwa nje. Filamu za kukamatwa nazo zimeachwa, hata pale ambapo mtazamaji mwenye akili timamu anajua hakimu atasema nini.

Msomaji akumbuke pia nguvu ya nje iliyoathiri data zote. Kuanzia 1934 Hollywood ilikuwa chini ya masharti ya maadili yaliyosimamiwa na ofisi ya Joseph Breen, na moja ya masharti hayo ni kwamba mhalifu asiachwe afaidi uhalifu wake. Jambazi alitakiwa kufa, kufungwa au kutubu. Kufungwa kunahitaji mahakama, na mahakama inahitaji ukumbi, majaji na kurasa nyingi za maneno. Kutubu kunahitaji mwigizaji wa bei. Risasi ni senti chache.

3. Enzi kabla ya kifo

Kumbukumbu za awali zinaonyesha kiumbe asiyekufa kabisa. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji. Mama yake, Maud Humphrey, alikuwa mchoraji maarufu, na alimchora mwanawe akiwa mchanga; picha hiyo ikatumika kutangaza chakula cha watoto cha Mellin's. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza ya biashara, na alitoka humo salama.

Jukwaani alipangwa katika kundi la vijana wa nyumba za kitajiri, wale wanaoingia sebuleni na suruali nyeupe na raketi mkononi kuuliza nani atacheza tenisi, ili wakubwa wapate nafasi ya kuzungumza mambo yao. Katika Meet the Wife (1923), Cradle Snatchers (1925) na It's a Wise Child (1929) hakuna aliyeona haja ya kumdhuru. Silaha pekee iliyoelekezwa kwake ilikuwa kalamu: mwaka 1922 mhakiki Alexander Woollcott alilitazama igizo la Swifty na kuandika, kwa maneno ya mtu anayejizuia, kwamba uigizaji wa kijana huyu ni ule ambao kwa huruma huitwa hautoshi. Kifo cha aina hii hakimo katika uainishaji wetu, kwa kuwa mgonjwa huendelea kupumua.

Mabadiliko yalikuja Januari 1935, katika ukumbi wa Broadhurst, kwenye tamthilia ya Robert E. Sherwood, The Petrified Forest. Kijana wa raketi aliingia jukwaani na ndevu za siku kadhaa, mikono ikining'inia kama ya mtu aliyezoea pingu, akiwa Duke Mantee, jambazi anayekimbia sheria. Warner Bros. waliponunua haki za filamu walimtaka Edward G. Robinson achukue nafasi hiyo. Steringi wa tamthilia, Mwingereza Leslie Howard, akawapelekea studio simu ya maandishi: bila Bogart, na yeye hayumo. Studio ikasalimu amri, na filamu ikatoka 1936. Bogart hakusahau: binti yake aliyezaliwa 1952 alimwita Leslie Howard.

Mtafiti makini atakuwa ameona chembe ya mgogoro wa baadaye. Robinson alinyang'anywa nafasi. Matokeo yanafuata.

4. Kundi la Kwanza: vifo vya kibarua (1936–1940)

Warner Bros. walimpa mkataba wa dola 550 kwa wiki. Mikataba ya studio ya enzi hiyo ilikuwa hivi: mwigizaji analipwa kwa wiki, studio inaamua aigize nini, na akikataa anasimamishwa bila malipo, kisha siku alizosimamishwa zinaongezwa mwishoni mwa mkataba. Kiuchumi, wiki ikishalipwa imelipwa. Kumuua mfanyakazi Alhamisi hakumpunguzii mwajiri chochote, kwa kuwa Jumatatu anaripoti kazini mzima, tayari kuuawa katika filamu nyingine.

Kundi hili lina jamii nne.

*Jamii ya kwanza: waliouawa na Robinson.* Katika Bullets or Ballots (1936), Robinson na Bogart wanarushiana risasi. Bogart anakufa, Robinson anamfuata. Katika Kid Galahad (1937), Robinson ni meneja wa bondia na Bogart ni mpinzani wake, Turkey Morgan. Wanarushiana risasi tena, wanakufa tena. Katika The Amazing Dr. Clitterhouse (1938), Robinson hataki tena kugharamia maisha yake mwenyewe: anampa Bogart kinywaji chenye sumu. Kielelezo hiki kina thamani ya pekee kwetu, kwani Dk. Clitterhouse ni mtafiti. Anaandika kitabu juu ya mabadiliko ya mwili wa mhalifu wakati wa uhalifu, ameshakusanya data za wizi, na amebakiza sura ya mwisho, ya mauaji. Anamtazama Bogart akififia, akiangalia dalili. Jumuiya ya wanazuoni inalaani kitendo hicho, ila inakiri kwamba mbinu ya ukusanyaji data ilikuwa safi.

*Jamii ya pili: waliokufa mbele ya Cagney.* James Cagney na Bogart walikutana katika filamu tatu tu, na Bogart alikufa katika zote tatu. Katika Angels with Dirty Faces (1938) ni wakili mla rushwa, na Cagney anamtwanga risasi. Katika The Oklahoma Kid (1939) amevaa nguo nyeusi za mchunga ng'ombe kuanzia kofia hadi viatu, jambo ambalo lingetosha kumwonya mtu yeyote. Katika The Roaring Twenties (1939) anafikia kilele cha kundi hili, na inafaa tusimame hapo.

Filamu nzima Bogart, akiitwa George Hally, amekuwa mtu wa kuua bila kupepesa jicho. Vitani, mwanzoni, anampiga risasi askari kijana wa Kijerumani na kujisifu. Mwishoni Cagney, aliyefilisika na kuishia dereva wa teksi mlevi, anaingia nyumbani kwake akiwa na nguo chakavu. Hally yuko kwenye nyumba ya fahari, na anaamuru watu wake wamtoe nje mgeni wakammalize. Bastola inabadilisha mikono. Na hapo, kwa sekunde chache, uso wote wa Bogart unahama: macho yanapanuka, mdomo unalegea, mikono inainuka kana kwamba kiganja kinaweza kuzuia risasi, sauti ya ukatili inageuka ya kubembeleza. Anarudi nyuma akiomba. Steringi wa enzi ile asingekubali kufa hivyo, maana tiketi za wiki ijayo zingeathirika. Kwa mtu wa kibarua hakuna tiketi za kulinda, kwa hiyo aliachiwa afanye kitu ambacho wakubwa walikatazwa: kuogopa vizuri. Msomaji aliweke hili akilini, litahitajika 1948.

*Jamii ya tatu: waliokataliwa nyumbani.* Kielelezo ni kimoja, Dead End (1937), lakini kina uzito. Baby Face Martin amerudi kwenye mtaa wake wa zamani New York, amebadilishwa sura na madaktari, amevaa suti ya bei. Anamtafuta mama yake. Mama anamzaba kibao na kumwita kwa majina yanayomstahili. Kuanzia hapo, risasi za mwishoni ni taratibu za ofisi tu. Mtu ambaye mama yake mzazi amemtoa kwenye hesabu, hata akikimbia, anakimbilia wapi?

*Jamii ya nne: adimu.* Katika King of the Underworld (1939), anatiwa dawa ya macho inayompofusha, kisha polisi wanamalizia. Katika They Drive by Night (1940) ni dereva wa lori anayesinzia kwenye usukani. Lori linaanguka na anapoteza mkono mmoja, na jina lake kwenye bango ni la nne. Tunapendekeza kielelezo hiki kiitwe kifo cha sehemu: studio ilihitaji mwili wake kwa filamu inayofuata, ikachukua kiungo kama rehani.

Sasa tufikie The Return of Doctor X (1939). Bogart, uso umepakwa unga, nywele zina mstari mweupe katikati, anaingia akiwa amebeba sungura. Anaigiza daktari aliyeuawa na serikali kwenye kiti cha umeme kabla filamu haijaanza, akafufuliwa na mwenzake, na sasa anaishi kwa kutegemea damu za watu. Mwishoni anapigwa risasi na kufa. Fasili yetu inavunjika: huyu hakuianza filamu akiwa hai. Baada ya kutafakari, tumeamua kumhesabu mara mbili. Kifo cha kwanza kilisababishwa na umeme, cha pili na mkataba. Bogart mwenyewe aliichukia filamu hiyo maisha yake yote, na haishangazi: ni mfanyakazi gani anayependa kuitwa kazini akiwa msibani kwake mwenyewe?

5. Kanuni ya Bango na misukosuko yake

Data za Kundi la Kwanza zinaelekeza kwenye kanuni rahisi: jina likiwa chini, marehemu, jina likiwa juu, mzima. Kanuni hii ni nzuri, na kama kanuni zote nzuri inaharibiwa na ukweli.

King of the Underworld inaipinga. Humo Bogart aliwekwa juu na bado akafa. Sababu ni kwamba studio ilikuwa inagombana na Kay Francis, aliyekuwa mwanamke ghali kuliko wote pale, na ikampandisha Bogart ili kumshusha yeye. Jina lilipanda bila mwenye jina kupanda. Hivyo tunafanya marekebisho ya kwanza: bango lihesabiwe tu pale ambapo halikutumika kumkomoa mtu mwingine.

The Wagons Roll at Night (1941) inaipinga zaidi. Hii ni hadithi ya Kid Galahad ileile, ila ulingo wa ngumi umegeuzwa sarakasi yenye wanyama. Bogart sasa amepewa nafasi ambayo awali ilikuwa ya Robinson, na jina lake liko juu. Alipokuwa Turkey Morgan alikufa. Sasa amepanda hadi kiti cha bosi na anakufa tena, safari hii kwa simba. Marekebisho ya pili: mtu akirithi nafasi, anarithi pia ajali zake.

6. Kundi la Pili: kifo cha mpito (High Sierra, 1941)

Mpito ulisababishwa na mtu asiyeonekana kwenye picha. George Raft, steringi wa Warner Bros. kwa wakati huo, alikuwa na kipaji cha kukataa. Aliikataa Dead End, ikamwangukia Bogart. Akaikataa High Sierra. Inasimuliwa kwamba hakutaka kufa mwishoni. Kisha akaikataa The Maltese Falcon, kwa kuwa mwongozaji, John Huston, hakuwahi kuongoza filamu kabla ya hapo. Wahenga walisema kufa kufaana. Hapa mmoja alifaidika kwa mwingine kukataa kufa.

Katika High Sierra, Bogart ni Roy Earle, jambazi wa makamo aliyetoka jela, mwenye huruma kwa msichana mlemavu na udhaifu kwa mbwa mdogo anayeitwa Pard. Ndani ya hadithi mbwa huyo ana sifa ya kuwaletea nuksi wote wanaomfuga. Earle anaambiwa, anacheka, anamchukua. Sikio la kufa halisikii dawa. Polisi wanamzingira juu ya mawe karibu na Mlima Whitney. Amejificha vizuri, na anaweza kukaa huko muda mrefu. Kisha anasikia mbwa akibweka, anajua kwamba mwanamke anayempenda yuko chini, anatoka kumwita, na mlengaji aliyepanda juu zaidi anampiga risasi.

Tofauti na George Hally ni hii: Hally aliuawa kwa ubaya wake, Earle aliuawa kwa wema wake. Kwa mara ya kwanza watazamaji walitaka marehemu apone. Kwenye bango Ida Lupino alikuwa juu yake. Ilikuwa mara ya mwisho kwa jambo hilo kuwa na maana.

7. Kundi la Tatu: kutokufa, na Kizidisho cha Bacall (1941–1948)

Sam Spade katika The Maltese Falcon (1941) anapona. Rick katika Casablanca (1942) anapona, anamuua Meja Strasser wa Kijerumani, na anaondoka zake kwenye ukungu na mkuu wa polisi. Uso ni uleule, na tabia, tukisema kweli, haijabadilika sana: Spade analala na mke wa mshirika wake, Rick amewahi kuuza silaha. Kilichobadilika ni nafasi kwenye bango. Kanuni ya vibanda vya video hapa inasimama bila fimbo.

Vighairi vipo, mfano Passage to Marseille (1944), ambamo anakufa akiwa mzalendo wa Kifaransa, mpiga bunduki wa ndege ya kivita. Kifo hicho kilitozwa na vita, na nyakati za vita kila mtu hulipa kodi.

Ugunduzi mkubwa wa kipindi hiki ni Kizidisho cha Bacall. Lauren Bacall alikuwa na miaka 19 walipokutana kutengeneza To Have and Have Not (1944). Walioana Mei 1945. Waliigiza pamoja filamu nne, na Bogart hakufa katika hata moja. Mwenye shaka atasema ni bahati. Tunaomba azingatie ushahidi wa maandishi. Katika riwaya ya Ernest Hemingway iliyozaa To Have and Have Not, mhusika mkuu Harry Morgan anakufa. Katika filamu, akiwa na Bacall, anapona. Katika tamthilia ya Maxwell Anderson iliyozaa Key Largo (1948), steringi anakufa. Katika filamu, akiwa na Bacall, anapona. Waandishi wawili wakubwa wa Marekani walikuwa wameshamuua mtu, na binti mmoja mwenye sauti nzito akabatilisha hukumu zote mbili. Katika The Big Sleep (1946) kinga hii ilizidi mpaka ikavuruga hesabu za vifo vya wengine: dereva wa familia anakutwa amekufa ndani ya gari majini, na hata mwandishi wa riwaya, Raymond Chandler, alipoulizwa nani amemuua hakuwa na jibu.

Key Largo pia inafunga akaunti iliyokuwa wazi tangu 1936. Bogart na Robinson wanakutana kwa mara ya tano na ya mwisho. Kwenye bango Bogart ametangulia. Ndani ya mashua, baharini, Robinson anatoka ndani akijaribu hongo, vitisho, na ahadi. Bogart, aliyejilaza juu akiwa na bastola, anamsikiliza kisha anampiga risasi. Deni la vifo vitatu lililipwa kwa kimoja, bila riba.

8. Kundi la Nne: vifo vya hiari (1948–1951)

Mwaka huohuo wa 1948, mtu aliyekuwa na kila haki ya kuishi alichagua kufa. The Treasure of the Sierra Madre ilipigwa kwa sehemu kubwa Meksiko, chini ya Huston. Bogart ni Fred C. Dobbs, ombaomba wa Tampico anayekwenda milimani na wenzake wawili kuchimba dhahabu. Dhahabu inapatikana, na Dobbs anaanza kuoza kuanzia ndani: anazungumza peke yake, anahisi wenzake wanamvizia, anampiga risasi mmoja wao na kumwacha akidhani amekufa. Mtaka yote hukosa yote. Anafika kwenye kidimbwi cha maji na punda wake, anakuta majambazi watatu. Anajaribu kuwachekea. Anajaribu kuwatisha. Anavuta bastola, haina risasi. Wanammaliza kwa panga, kisha wanamwaga mifuko ya dhahabu wakidhani ni mchanga tu, na upepo unaichukua.

Hofu ile ya George Hally, mikono ile iliyoinuliwa, kubembeleza kule, vyote vimo katika Dobbs, ila sasa si vya sekunde chache. Ni filamu nzima. Alichojifunza akifa kwa dola 550 kwa wiki alikitumia alipokuwa mmoja wa waigizaji wanaolipwa zaidi duniani. Vijana wa raketi hawajui kuogopa hivyo. Steringi waliozaliwa steringi hawajui kuogopa hivyo. Ilibidi awe ameuawa mara nyingi na watu wengi.

Tuzo za Oscar hazikuona. John Huston alipata mbili kwa filamu hiyo, baba yake Walter Huston akapata moja, Bogart hata hakupendekezwa. Katika maisha yake yote alipendekezwa mara tatu, kwa Casablanca, The African Queen na The Caine Mutiny (1954), na katika zote tatu mhusika wake anaimaliza filamu akiwa hai. Waamuzi wa Hollywood, inaonekana, nao walisomea vibanda vya video.

Kielelezo cha mwisho katika kundi hili ni Sirocco (1951), ambamo anauawa kwa bomu la mkono mjini Damascus. Filamu hiyo ilitengenezwa na Santana, kampuni aliyoianzisha Bogart mwenyewe. Hakuna ushahidi bora wa hiari kuliko mtu anayelipia bomu lake.

9. Kielelezo cha Afrika Mashariki: kifo kilichoahirishwa kwa ajili ya harusi

The African Queen (1951) inatugusa kwa karibu. Hadithi, kutoka riwaya ya C. S. Forester, inaanza Septemba 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Upigaji picha ulifanyika Kongo na Uganda, ikiwemo Butiaba, kwenye Ziwa Albert, na eneo la maporomoko ya Murchison. Katharine Hepburn ni Rose, mlokole, dada wa mmisionari. Bogart ni Charlie Allnut, mlevi mwenye boti bovu. Wanataka kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani, Louisa.

Meli hiyo ilibuniwa kwa mfano wa Graf von Götzen, ambayo wasomaji wa Kigoma wanaifahamu kwa jina la Liemba. Iliundwa Papenburg, ikaletwa vipandevipande kwa meli na reli hadi Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe na adui, wakiwa wamezipaka mashine zake grisi nene. Waingereza wakaiinua, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina jipya. Filamu inailipua. Historia iliibebesha abiria na magunia ya dagaa. Liemba nayo, kwa vigezo vyetu, ni steringi.

Allnut na Rose wanakamatwa na kuhukumiwa kunyongwa. Kamba ziko shingoni. Allnut anamwomba nahodha Mjerumani awafungishe ndoa kwanza. Nahodha anakubali, anawatangaza mume na mke, na kwa pumzi ileile anaamuru wanyongwe. Kifo cha wengi harusi, lakini ni nadra kuviona viwili vikiongozwa na ofisa mmoja katika sentensi mbili. Kabla ya amri kutimizwa, meli inagonga boti lao lenye mabomu na kulipuka, na maharusi wanaogelea kwenda nchi kavu.

Je, nini kilimwokoa? Bacall hayumo kwenye filamu. Lakini rekodi zinaonyesha kwamba alifuatana na mumewe Afrika na kukaa naye kambini muda wote. Kizidisho, kwa hiyo, hufanya kazi hata nje ya kamera. Vilevile watu wengi wa msafara waliugua tumbo, Hepburn akiwemo, aliyekuwa akinywa maji. Bogart na Huston, waliokunywa wiski, hawakuugua. Wizara za afya zisinukuu makala haya.

10. Kundi la Tano: marejeo (1955)

Mwaka 1955 Bogart alirudi alikoanzia. Aliigiza tena Duke Mantee kwenye televisheni, safari hii pamoja na Bacall na Henry Fonda. Kisha katika The Desperate Hours, ya William Wyler, akawa Glenn Griffin, mtoro wa jela anayeteka familia ndani ya nyumba yao. Jukwaani nafasi hiyo ilichezwa na Paul Newman, kijana wa miaka 30. Bogart alikuwa na miaka 55. Griffin anatoka nje kwa polisi kwa miguu yake mwenyewe, na wanampiga risasi.

Baba wa familia alikuwa aigizwe na Spencer Tracy, rafiki wa Bogart tangu filamu yao ya 1930, Up the River. Hakuigiza. Marafiki hao wawili walishindwa kukubaliana jina la nani litangulie kwenye bango, na nafasi ikaenda kwa Fredric March. Bogart alikuwa tayari kufa mbele ya Tracy. Hakuwa tayari kufa chini yake. Katika data zote za utafiti huu, hakuna kielelezo kinachoithibitisha Kanuni ya Bango kwa uwazi zaidi.

11. Ufunguo wa utambuzi

Kwa msomaji atakayekutana na filamu ya Bogart ghafla na kutaka kujua mapema kama aandae leso, tunatoa ufunguo ufuatao.

1. Je, Lauren Bacall yumo, au yuko karibu? Ndiyo: atapona. La: nenda 2.

2. Je, Cagney yumo? Ndiyo: atakufa. La: nenda 3.

3. Je, Robinson yumo na jina lake limetangulia? Ndiyo: atakufa, isipokuwa katika Brother Orchid (1940), ambamo atapigwa ngumi tu. La: nenda 4.

4. Je, ana ndevu? Akiwa na ndevu na dhahabu: atakufa. Akiwa na ndevu na mlokole: ataoa. Hana: nenda 5.

5. Je, kuna mnyama? Mbwa: atakufa. Simba: atakufa. Ruba, kama wale wa The African Queen: atapona, ruba hunywa damu kidogo na kuridhika. Sungura: amekwisha kufa. Hakuna mnyama: nenda 6.

6. Angalia mwaka. Kabla ya 1941: atakufa kwa amri ya ofisi. Kati ya 1941 na 1947: ataishi kwa amri ya ofisi hiyohiyo. Kuanzia 1948: atakufa akipenda. Mwaka haujulikani: nenda 7.

7. Kama mhusika ana bastola, ana suti nzuri, amezingirwa pande zote na bado hataki kufa, soma majina upya. Unamtazama George Raft.